MREJESHO: Ile barua ya onyo kuhusu majani, hapa Columbus, Ohio

Ndugu zangu, salaam. Mwezi uliopita niliwaomba ushauri: chama cha wamiliki wa nyumba mtaani kwetu kilinipa siku 14 niondoe majani yaliyopukutika na nisafishe gata (mfereji wa maji ya mvua ukingoni mwa paa), la sivyo faini. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Nilianza na yule dada aliyesema nisihangaike na reki, niyapitishie mashine ya kukata nyasi yakiwa makavu. Alisema kweli. Yamesagika kama ugoro, yakazama katikati ya nyasi, sasa huyaoni. Ila lile tabaka nene chini ya mti mashine ilikwama, ikabidi nikusanye kwa mkono, mifuko ya karatasi 11.

Pia niliiandikia kamati barua ya heshima na picha za kazi niliyokwisha kuifanya, kama mlivyonielekeza. Wameniongezea siku 10, faini hakuna. Nimefurahi mno.

Kwenye gata nimefeli. Nilisafisha mapema, kumbe mti wa mwaloni wa jirani ulikuwa bado umeshikilia majani yake. Yalipoanguka, bomba la kushusha maji likaziba tena, nikachota tope jeusi kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, mke wangu akishika ngazi. Kwa atakayesoma baadaye: kama una mwaloni karibu, safisha mara mbili, ya pili mwishoni mwa Novemba, kabla maji hayajaganda humo ndani.

Asanteni sana, Mungu awabariki.