Naomba ushauri: idhini ya chama cha wamiliki wa nyumba ili niongeze chumba

Ndugu zangu, ninakusudia kuongeza chumba na bafu nyuma ya nyumba yangu, ili mama yangu mzazi, ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda ngazi, aishi nasi kwa heshima. Mamlaka ya mji imekwisha kunipa kibali cha ujenzi, lakini ninafahamu kwamba kibali hicho hakichukui nafasi ya idhini ya chama cha wamiliki wa nyumba, ambacho masharti yake yanafungamana na hati ya kiwanja changu. Kamati ya chama hicho imeyarudisha maombi yangu kwa maelezo mafupi kwamba jengo halioani na mandhari ya mtaa, bila kutaja kifungu chochote, ingawa niliambatanisha ramani, umbali kutoka mpakani na aina ya paa, ambalo ni kama lililopo.

Je, nidai kwanza sababu kwa maandishi, au nikate rufaa moja kwa moja kwenye bodi ya chama? Na je, saini za majirani ninaopakana nao zina uzito, hasa ikiwa mmoja wao aliruhusiwa kujenga nyongeza inayofanana na hii? Sitaki kuanza bila idhini, kwa kuwa ninaweza kulazimishwa kubomoa kwa gharama zangu. Hata hivyo, kuendelea kumwacha mama peke yake kunaniumiza sana.