Naomba ushauri: duma asaidiwe dhidi ya simba na fisi?

Ndugu zangu, ninaandaa somo la sekondari kuhusu wanyama walio hatarini kutoweka, nami nimekwama kwa duma. Mnyama huyu, ambaye vinasaba vyake (chembe za urithi) vinafanana mno baina ya duma mmoja na mwingine kwa sababu idadi yake iliwahi kupungua sana maelfu ya miaka iliyopita, huuliwa watoto na simba na kunyang'anywa mawindo na fisi, kwani mwili wake mwepesi, ulioumbwa kwa mbio, haumudu mapambano. Simba naye, jambo linaloniumiza, anazidi kupungua. Je, niwafundishe wanafunzi kwamba binadamu awatenganishe wanyama hawa kwa uzio, au alinde tu maeneo mapana ambamo duma anaweza kuwakwepa adui zake? Mwenye uzoefu wa uhifadhi naomba anielekeze.