Meneja Uendeshaji au Mkurugenzi wa Uendeshaji kwenye kampuni ndogo: ungechukua ipi?

Stoo_Tabata
Wakuu, heshima kwenu. Nina ofa mbili. Ya kwanza ni Meneja Uendeshaji kwa wasambazaji wa vinywaji hapa Dar: wafanyakazi 40, ghala moja, magari sita. Ya pili ni Mkurugenzi wa Uendeshaji kwenye kampuni ya mikate yenye watu 12, na mwanzilishi bado yupo ofisini kila siku. Mshahara wa ukurugenzi umeuzidi ule wa umeneja kwa laki mbili tu kwa mwezi. Nyumbani wote wanataka cheo kikubwa. Mnaonaje?

MamaNgano
Mwanangu, mimi niko kwenye mikate. Kwa watu 12, mkurugenzi ndiye anayepigiwa simu saa tisa usiku oveni ikigoma, ndiye anayegombana na dereva kuhusu mikate iliyorudi, na unga ukipanda bei ndiye anayeulizwa faida imekwenda wapi. Sikutishi, kazi nzuri hiyo. Ila kule kwenye vinywaji utakuwa na mtu wa stoo, mtu wa magari na mtu wa kuhesabu kreti tupu. Wewe utawasimamia. Huku kwetu hao wote ni wewe.

Wakili_Pembeni
Kabla ya mshahara, uliza hili: jina lako litapelekwa BRELA, kwa msajili wa makampuni, kama mkurugenzi? Sheria ya Makampuni ya 2002 inataka kampuni iwe na wakurugenzi angalau wawili, na kampuni nyingi za kifamilia nafasi ya pili huiweka mke au kaka. Ukiandikishwa, una wajibu kisheria kwa kampuni, si kwa bosi peke yake, na mambo yakiharibika utaitwa. Usipoandikishwa, wewe ni mwajiriwa kama wengine, mwenye kadi nzuri ya biashara. Hali zote mbili zinavumilika. Kibaya ni kutojua uko wapi.

Mkenya_Thika
Huku Kenya, sheria ya 2015 inaruhusu kampuni binafsi kuwa na mkurugenzi mmoja tu, kwa hivyo mwenye mali mara nyingi yuko pekee yake kwenye CR12, ile hati ya msajili inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Benki inaangalia karatasi hiyo. Unaweza kuitwa mkurugenzi mwaka mzima na benki isikujue.

Kijana_wa_Mipango
Mnamtisha bure. Ningechukua ukurugenzi. Kampuni ndogo utaona kila kitu: bei, mikopo, kodi za TRA, kuajiri na kufukuza. Umeneja wa magari sita utakufundisha magari sita.

Dada_Ajira
@Kijana_wa_Mipango nimesoma wasifu nyingi sana kazini. Nikiona mkurugenzi, swali langu la kwanza ni aliongoza wangapi na alikuwa na bajeti gani. Hapo 40 wanawashinda 12, cheo kiwe chochote.

Na jambo moja ambalo halijaguswa. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hayumo kwenye masharti ya saa za kazi. Zile 45 kwa wiki, na malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada, usizitegemee. Vyeo vyako vyote viwili vinaweza kuangukia humo. Piga hesabu ya laki mbili hizo kwa saa utakazokaa kazini kweli, ukianza na ile simu ya saa tisa usiku. Angalia pia kama imeongezwa kwenye mshahara au imepachikwa kama posho nje ya hati ya malipo, maana wengine hufanya hivyo kukwepa michango ya hifadhi ya jamii ya NSSF.

Kijana_wa_Mipango
Hilo la posho nakubali. Mengine bado nabishana.

MamaNgano
Stoo, muulize huyo mwanzilishi unaweza kuidhinisha shilingi ngapi bila kumpigia simu. Usikubali jibu la "tutaelewana".

Stoo_Tabata
Nimemuuliza leo. Chochote kinachozidi laki moja kinapita kwake, kuajiri kunapita kwake, na muuza unga habadilishwi kwa sababu ni shemeji yake. BRELA hajaifikiria.

MamaNgano
Laki moja haitoshi hata unga wa siku mbili! Basi mkurugenzi wa uendeshaji tayari wanaye, ni shemeji.

Stoo_Tabata
Nimecheka, Mama. Jumatatu nasaini ya vinywaji. Nimewaomba waandike kwenye barua ya ajira kiwango ninachoweza kuidhinisha kwa matengenezo ya magari, na wamekubali. Nyumbani bado wamenuna.