Mjadala: Je, picha za maua na matunda za karne ya 19 zinastahili ukumbi mkubwa wa makumbusho?

Wadau wa sanaa, kuna hoja inayorudi kila zinapotajwa picha hizi: kwamba aliyekaa kuchora bakuli la matunda alikuwa anatafuta riziki tu, na kwamba ukumbi mkubwa ni wa vita, dini na wafalme. Maua yakae kwenye korido. Mimi napinga kabisa.

Kwanza tuulize ngazi hiyo ya kupanga picha juu na chini kwa mada imetoka wapi. André Félibien, aliyeandika kuhusu mihadhara ya mwaka 1667 ya Chuo cha Kifalme cha Uchoraji cha Ufaransa, aliweka picha za historia, yaani za vita, dini na hekaya, juu, na akasema mchora mandhari yuko juu ya yule anayechora matunda, maua au makombe ya baharini tu. Miaka 200 baadaye bado watu walipimwa kwa rula hiyo hiyo.

Na waliopimwa hawakuanzia mahali pamoja. Picha ya historia ilidai mafunzo ya kuchora mwili wa binadamu ukiwa uchi. École des Beaux-Arts ya Paris, chuo cha sanaa kilichotoa mafunzo hayo, haikupokea wanawake mpaka mwaka 1897. Wengi wao wakachora maua, kisha wakaambiwa maua ni sanaa ndogo! Huko ni kumfungia mtu milango yote ukamwachia mmoja, halafu ukamdharau kwa kupita hapo.

Mtazameni Charles Ethan Porter, mchoraji Mmarekani mweusi wa Connecticut. Alisoma National Academy of Design, New York, na mwaka 1881 akaenda Paris akiwa na barua ya utambulisho kutoka kwa mwandishi Mark Twain. Frederic Church, bingwa wa mandhari makubwa, alinunua picha zake na kuzisifu rangi zake. Matunda na mawaridi ndiyo yaliyokuwa kazi yake kuu. Alifariki mwaka 1923, na kwa miongo mingi jina lake halikutajwa sana. Nikisikia kwamba picha kama zake hazina uzito, nauliza: uzito huo ulipimwa na nani?

Hoja ya riziki ina nguvu zaidi, siikwepi. Mchoraji Mfaransa Henri Fantin-Latour aliishi kwa kuuza picha za maua. Edwin Edwards na mkewe Ruth walimtafutia wanunuzi Uingereza, na yeye mwenyewe moyo wake ulikuwa kwenye picha za njozi, nyingine zikitokana na muziki wa Wagner, mtunzi wa opera wa Ujerumani. Lakini simameni mbele ya mawaridi yake. Nyuma kuna rangi ya kijivu iliyopakwa nyepesi, karibu haina kitu, na mbele yake kila petali ina unene na mwanga wake, hakuna mbili zinazofanana. Leo watu wanayatafuta mawaridi hayo kuliko njozi zile. Na mchora vita naye alilipwa, tena mara nyingi na serikali. Mbona yeye haambiwi alichora kwa njaa?

Halafu kuna Édouard Manet, mchoraji mwingine wa Ufaransa. Mwaka 1882 na mwanzoni mwa 1883 alikuwa mgonjwa sana, hana tena nguvu ya kazi kubwa. Marafiki walimletea maua, akayachora kwenye vitambaa vidogo, yakiwa ndani ya vyombo vya kioo. Angalieni vishina chini ya maji: mipigo michache ya brashi, na unaona maji, kioo na mwanga kwa pamoja. Kwangu mimi hapo ndipo ustadi wake ulipofika mbali zaidi.

Ni kweli karne ile ilitoa pia maua mengi ya kupamba sebule tu, yasiyo na chochote cha kutazama mara ya pili. Hayo yabaki stoo, pamoja na wafalme waliochorwa vibaya.

Kwa hiyo anayepinga alete picha moja ya historia anayotaka ikae ukumbi mkubwa badala ya Manet huyu, atueleze rangi, mwanga na mkono wa mchoraji, bila kutaja mada yake.