Kwa nini kila mkimbiaji ana kampuni yake ya viatu na hahami?

Nyayo Nyepesi:

Heshima zenu wakuu. Naomba msaada wa wazoefu.

Kwenye kikundi chetu cha mbio kila mtu ana kampuni yake. Mmoja ni ASICS tangu nimfahamu. Jozi ikichakaa ananunua ileile. Mwingine havai kiatu kisicho Brooks. Kuna kijana wetu mwenye kasi, yeye siku ya mashindano ni Nike yenye bamba la kaboni tu, na anatuambia sisi wengine tunajichelewesha wenyewe. Nikiwauliza sababu, jibu ni "jaribu utaona."

Mimi najiandaa na marathoni yangu ya kwanza. Mguu wangu ni mpana mbele, kisigino chembamba. Kiatu nilicho nacho, nikishapita kilomita kumi na tano kinanibana vidole, na ukucha wa kidole gumba umekuwa mweusi. Je, hizi kampuni zinatofautiana kweli au watu wamezoea jina? Na kama zinatofautiana, ni kwenye nini hasa?

Kasi ya Mwisho:

Zinatofautiana, dada, na vipimo vipo. Nike walipotoa Vaporfly 4% mwaka 2017, hiyo asilimia nne haikuwa pambo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, wakishirikiana na kampuni yenyewe, walipima wakimbiaji 18 na kukuta wanatumia nguvu pungufu kwa wastani wa asilimia 4 wakilinganishwa na walipovaa viatu vingine viwili vya mashindano vya wakati huo. Siri ni sponji nyepesi inayorudisha nguvu, pamoja na bamba la kaboni ndani yake. Mwaka uliofuata Eliud Kipchoge akaweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin kwa 2:01:39. World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, wenyewe ilibidi waweke mipaka Januari 2020: soli isizidi milimita 40, na bamba liwe moja tu. Kwa hiyo mkimbiaji anayeng'ang'ania kampuni fulani siku ya mashindano ana sababu ya maana.

Fundi Soli:

Dada Nyayo, mimi ni fundi viatu na pia ni mkimbiaji wa mbio ndefu. Viatu vya kukimbilia hunifikia mezani vikiwa vimeshakula barabara. Kiatu kipya nikikishika naona kazi ya kiwanda tu. Kilichochakaa kinanionyesha mguu wa mwenyewe, na nina hamu ya kukueleza ninachokiona kwa sababu swali lako ni zito kuliko watu wanavyolichukulia.

Kitu kikubwa ambacho matangazo hayakigusi ni kalibu. Kiatu hushonwa kikiwa kimevishwa kwenye umbo la mguu, zamani la mbao, siku hizi la plastiki au alumini. Hilo ndilo linaloamua kisigino kishikwe kiasi gani, kiuno cha kiatu kiingie wapi, sehemu ya vidole iwe ya mviringo au iliyochongoka, na mgongo wa mguu upate nafasi ya kimo gani. Kila kampuni ina kalibu zake na desturi yake ya kuzichonga, na modeli zake nyingi hufanana kwa hilo. Namba iliyoandikwa ndani ya ulimi haikuelezi lolote kati ya hayo. Nimeshika jozi za namba moja kutoka kampuni mbili, nikaziweka soli kwa soli, moja ikaizidi nyingine upana wa kidole pale mguu unapokunjika.

Kwa hiyo yule mwenzenu wa ASICS anaposema "jaribu utaona," naamini anasema kweli ila hajui sababu yake. Mguu wake na kalibu ya kule vimepatana. Hana haja ya kuhama.

Sasa angalia asiyepatana. Wapo wanaoniletea kiatu kimetoboka juu ya kidole gumba wakati soli bado nzima kabisa. Kidole kinainuka kila hatua na hakina pa kwenda, kinasugua kitambaa mpaka kinapita. Wengine bitana ya kisigino imesagika hadi ile plastiki ngumu ya ndani imetokeza, maana yake kisigino kinapanda na kushuka humo ndani, na bila shaka mwenyewe ana malengelenge. Nikishatia kiraka namwambia mteja: ukinunua jozi nyingine ya aina hii, tundu litakuja palepale. Na linakuja. Lakini mteja huyohuyo akihamia kampuni yenye sanduku la vidole lenye kimo zaidi, soli inaisha kabla ya kitambaa, kama inavyotakiwa.

Kwa mguu kama wako, mpana mbele na mwembamba nyuma, kuna njia mbili, nazo ni tofauti. New Balance na Brooks wana modeli zinazouzwa kwa upana zaidi ya mmoja: kwa wanawake B ni wa kawaida na D ni mpana, kwa wanaume D ndiyo ya kawaida, halafu 2E na 4E. Angalia vizuri hapo, kwa sababu upana mkubwa unaweza kupanua na kisigino pia, nawe kisigino hutaki. Njia ya pili ni kampuni ambayo umbo lake lenyewe limepanuka kwenye vidole, na Altra ndiyo inayojulikana zaidi kwa hilo. Lakini Altra wamejenga jina lao kwa soli ambayo kisigino na vidole viko kimo kimoja. Ukitoka kwenye kiatu ambacho kisigino kimeinuka milimita 10 au 12 ukaingia kwenye sifuri ghafla, mzigo unahamia kwenye misuli ya kigimbi na kano ya kisigino. Ingia taratibu, kwa mbio fupi kwanza, na usifanye hivyo marathoni ikiwa imekaribia.

Hicho kimo nacho ni sababu kubwa ya watu kutohama. Mwili umezoea pembe fulani. Hoka nyingi kwa miaka mingi zimekuwa na tofauti ya milimita 4 au 5 tu kati ya kisigino na vidole ingawa soli zao ni nene, na mtu aliyezizoea akivaa kiatu cha milimita 12 anajihisi anasukumwa mbele. Anasema "kiatu hiki kibaya." Kiatu si kibaya, mwili wake umejifunza kingine.

Kuhusu sponji, Kasi ya Mwisho amesema kweli, nami naongeza la mezani. Huwa nazipasua jozi zilizokufa. Ile ya kawaida, EVA, ukiikata utaona chini ya kisigino imebanwa, na ubavuni imeweka mikunjo isiyorudi hata kiatu kikikaa wiki bila kuvaliwa. Boost ya Adidas, iliyotoka mwaka 2013, ukiipasua ni chembechembe zilizoshikana kama bisi zilizoshindiliwa, na kwa zile nilizozipasua inachelewa kufa, ingawa ni nzito. Zile za mashindano za kizazi cha Vaporfly ni laini mno. Zinarudisha nguvu kwa kiwango ambacho unakisikia mguuni, lakini soli ya chini ni nyembamba na ubavu ni rahisi kuchanika. Si kiatu cha kila asubuhi. Kijana wenu anayekihifadhi kwa siku ya mashindano anafanya sawasawa.

Ila nisingependa uchague kwa kuangalia miguu ya mabingwa. Bingwa ana mkataba. Anavaa anachovalishwa, na pengine kimetengenezwa kwa ajili yake. Ukifuata rekodi utazunguka tu: Dennis Kimetto alikimbia 2:02:57 Berlin mwaka 2014 akiwa na Adidas, Kipchoge akaja na Nike, Kelvin Kiptum naye Nike kwa 2:00:35 Chicago mwaka 2023, na wiki mbili kabla yake Tigst Assefa alikuwa amekimbia 2:11:53 Berlin kwa Adidas yenye uzito wa gramu 138. Hakuna kampuni iliyomiliki kasi. Hata hao Nike walianza mwaka 1964 kwa jina la Blue Ribbon Sports wakiagiza na kuuza viatu vya Onitsuka wa Japani, kampuni ambayo ndiyo ASICS ya leo. Na Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 bila kiatu chochote, kwa 2:15:16, kisha Tokyo mwaka 1964 akavaa viatu, akashinda kwa 2:12:11. Ulikuwa mguu uleule.

Nyayo Nyepesi:

Kaka fundi, asante sana, nimeisoma mara mbili. Nimekwenda kuangalia kiatu changu: kitambaa juu ya kidole gumba kimeanza kuwa chepesi, na ndani kisigino kimeng'aa kwa kusuguliwa. Kumbe yote mawili! Swali moja limebaki. Yule wa Brooks juzi alilalamika kwamba toleo jipya la kiatu chake "si lenyewe." Kama kalibu ni ileile, inakuwaje?

Mwalimu wa Jioni:

Naomba nimjibu dada kabla fundi hajarudi, kwa kuwa nafundisha wakimbiaji na malalamiko hayo nayasikia kila toleo likibadilika. Kampuni hutoa toleo jipya karibu kila mwaka au mwaka na nusu, jina linabaki, namba inasogea. Wakati mwingine wamebadili kitambaa tu. Wakati mwingine wamebadili sponji, wameongeza milimita kadhaa za soli, au wamegusa kalibu yenyewe. Jina ni lilelile lakini mguu unakutana na kiatu kingine. Ndiyo maana wakimbiaji wa muda mrefu wakisikia toleo jipya linakuja hununua jozi mbili za lile linaloondoka.

Na kuna jambo ninalolithamini kuliko yote katika kuwachagulia wanafunzi wangu viatu. Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, aliyeuchunguza mwendo wa mkimbiaji kwa miongo mingi, alifikia kwenye wazo kwamba kiatu kinachokukaa vizuri mguuni ndicho cha kukitanguliza, maana mwili una njia yake unayoipenda ya kwenda, nao unaitambua. Mwanafunzi akiniambia "hiki nimekisahau mguuni," siendelei kumuuliza kampuni. Dada, ukiwa na uwezo wa jozi mbili za maumbo yanayokufaa, zibadilishe siku kwa siku. Misuli haipigwi mahali pamoja kila mara.

Fundi Soli:

Mwalimu amemaliza, sina la kupunguza. Dada, hayo uliyoyaona kwenye kiatu chako ndiyo majibu. Kalibu hiyo si yako, acha kuitafutia namba kubwa zaidi. Ukiongeza namba, vidole vitapata nafasi lakini kisigino kitaogelea zaidi.

Fanya hivi unapojaribu. Nenda jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kama unavyovimba ukikimbia muda mrefu, na uvae soksi zako za mbio. Toa soli ya ndani, iweke chini, simama juu yake kwa uzito wote. Kama nyama ya mguu inamwagika pembeni, kirudishe bila kukivaa. Mbele ya kidole kirefu kibaki kipande cha upana wa kidole gumba cha mkono. Na kirefu si lazima kiwe gumba, wengi ni cha pili. Halafu kivae ukimbie nacho, usitembee tu, kwa sababu kisigino hujificha ukitembea.

Kisigino kikiwa kinateleza kidogo huku mbele pakikukaa vizuri, kuna tundu la ziada la kamba juu kabisa ambalo wengi hawaligusi. Pitisha kamba humo upande uleule ili ufanye kitanzi, kisha vusha ncha ya upande wa pili ndani ya kitanzi hicho na uvute kuelekea chini. Kisigino kinashikwa bila kubana mgongo wa mguu.

Ukishapata jozi, kimbia nayo kilomita mia mbili hivi, kisha tuwekee hapa picha ya soli ya chini na ya ndani ya kisigino. Nitakuambia ninachokiona.