Wazazi wa kidato cha nne huku mialoni, taarifa za shule tuwafikishieje? Naombeni mawazo

Mwl_Kando_ya_Ziwa
Habari za jioni wadau. Mi ni mwalimu wa darasa kidato cha nne, sekondari ya kata upande huu wa Ilemela hapa Mwanza, watoto wetu wengi wanatoka mialoni wanakoshushia samaki, baba yuko ziwani mama yuko kwenye dagaa. Naombeni mawazo ya walimu na wazazi humu maana hili jambo linaninyima usingizi kweli.

Shida ni taarifa. Tunaita kikao wanakuja wachache na ni walewale, ambao hata usipowaita watoto wao wanasoma tu. Grupu la WhatsApp lipo ila karibu nusu ya wazazi wanatumia vitochi, na hao waliomo ukituma ratiba asubuhi mpaka jioni imeshafunikwa na salamu na matangazo ya viwanja. Ripoti za muhula tunawapa watoto wapeleke nyumbani, zinarudi zimesainiwa, ukizipanga mezani unakuta saini tatu mwandiko mmoja.

Kilichoniuma zaidi, wiki ya mock (mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa) kuna kijana wa sayansi, mzuri tu darasani, baba yake alimwita kisiwani akasaidie kambini, kijana akakosa praktiko ya fizikia. Nikampigia mzee, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema "mwalimu, mi najua mtihani ni Novemba, hii mock hakuna mtu aliyewahi kunieleza ni kitu gani". Na yule mzee hana ubaya wowote, kila kinachotakiwa shuleni kwa mwanae analeta. Sasa wazazi kama hawa tunawafikiaje, na tuwaambie nini hasa? Novemba haiko mbali.

MamaK_Kirumba
Mwalimu habari za kazi. Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni na nina kijana kidato cha nne (sio shuleni kwako), na mimi ni mmoja wa hao wasiokuja kikaoni, ngoja nikwambie kwanini.

Barua inakuja Alhamisi jioni, kikao Ijumaa saa nne asubuhi. Saa nne ndo muda mzigo unapimwa, wateja wa Congo na Burundi wanapakia, nikiondoka pale siku imekufa na wiki imekufa. Lakini hata hiyo ningeivumilia. Shida ni kwamba nikienda tunakaa masaa matatu ni michango, chakula, mlinzi, madawati, natoka pale najua nadaiwa shilingi ngapi ila sijui mwanangu Hesabu anapata ngapi. Hakuna aliyenitajia jina la mwanangu.

Halafu hiyo ripoti mwalimu iko Kiingereza chote. Mi darasa la saba, nikaona kaandikiwa wa 18 kati ya 143 nikafurahi sana, nikamnunulia viatu. Baadae binti wa jirani aliyemaliza sekondari alikuja kuchaji simu nikampa anisomee, kumbe Hesabu 21, Kemia 27. Yaani wa 18 na masomo mawili ni F! Hapo ndo nikajua kwamba nafasi haisemi kitu, kama darasa zima limeanguka hata wa 18 kaanguka tu. Mwalimu ukiniandikia kwa kiswahili mstari mmoja "mwanao Hesabu na Kemia anafeli, afanye hivi na hivi" mi ntajua pa kuanzia. Saini peke yake hainisaidii.

Giza_na_Karabai
Mwalimu sisi wavuvi wa dagaa tuulize mwezi usituulize kalenda. Dagaa wanavuliwa kwenye giza, mbalamwezi ikitoka taa hazifanyi kazi, dagaa hawaji kwenye mwanga, kwaiyo siku zile za mwezi mkubwa tunaanika nyavu wengi tunarudi nyumbani. Kikao chako ukikiweka siku hizo utashangaa wanaume watakavyokuja. Ukikiweka kwenye giza utapata akina mama tu na wao wako chanjani wanaanika. Ni kitu kidogo ila sijawahi kuona shule inakiangalia na sote tuko kando ya ziwa hili hili.

Pili, visiwani mtandao ni wa kubahatisha. Kuna sehemu mpaka upande juu ya mwamba ndo simu ishike, na ukishuka imepotea. Ukinipigia hunipati, WhatsApp ndo kabisaa. Ila meseji ya kawaida ukiituma itakaa inanisubiri, nikipanda kule juu jioni inaingia. Kwaiyo meseji mwalimu, meseji ndefu ya kueleweka, usinitumie "nipigie".

Tatu kila mwalo una BMU, kile kikundi cha usimamizi wa mwalo, na mwenyekiti wake anajua nani yuko kambi gani. Mpe yeye ratiba ya mitihani kwenye karatasi abandike pale wanapoandikisha mitumbwi. Tajiri wa mtumbwi akijua wiki fulani ni mtihani hatampokea mwanafunzi kambini, au akimpokea watu wazima watamsema.

Mjumbe_Igoma
Tuseme ukweli wazazi wengine hawajali. Taarifa hata ukiwapelekea mlangoni hawasomi. Walimu wafundishe, mzazi anayejali atakuja mwenyewe.

MamaK_Kirumba
@Mjumbe_Igoma kaka yangu mi natoka nyumbani saa kumi alfajiri kwa ajili ya huyohuyo mtoto, usiseme sijali. Nipelekee mlangoni kwanza ndo useme sijasoma.

Taaluma_Mstaafu
Mwalimu pole na hongera kwa kuuliza. Nimekuwa mwalimu wa taaluma miaka mingi, Sengerema na baadae hapa mjini, na nilichokiona ni kwamba sisi walimu tunatoa matangazo tukidhani tumetoa taarifa. "Wanafunzi watakuwa na mtihani wa utamilifu" yaani mock, hilo ni tangazo. Mzazi akishalisikia afanye nini? Hana cha kufanya. Dada hapo juu amesema vizuri kuliko semina zote nilizowahi kukaa, anataka jina la mwanae, somo, alama, na kitu cha kufanya.

Kwaiyo kabla ya njia ya kutuma amueni mtamwambia nini. Mzazi wa kidato cha nne mambo ya kujua si mengi. Cha kwanza kabisa ni maana ya hizo herufi, A ni 75 kwenda juu, B 65 mpaka 74, C 45 mpaka 64, D 30 mpaka 44, chini ya 30 ni F. Mwambieni wazi kwamba mtoto akitaka kidato cha tano anatakiwa awe na angalau C tatu au zaidi ya hapo kwenye masomo yasiyo ya dini, maana wazazi wengi wanaona D ni "amefaulu" wanatulia, na Januari ndo wanashtuka. Divisheni nazo waelezeni kwa pointi, A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, yanachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri, divisheni wani ni 7 mpaka 17, tuu 18 mpaka 21, thrii 22 mpaka 25, foo 26 mpaka 33, ziro 34 na 35. Ukimwonyesha mzazi kwa ripoti ya mwanae mwenyewe, ukaweka kalamu pale, "mama akiinua hii D ya Jiografia na hii ya Historia zikawa C anatoka foo anaingia thrii", nakuhakikishia anatoka hapo anajua amsimamie mtoto kwenye kitu gani.

Lingine majina. Jina alilosajiliwa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, ndilo litakaloandikwa kwenye cheti, na kulirekebisha baadae ni safari. Usajili ukifanyika mwiteni mzazi alinganishe na cheti cha kuzaliwa. Nimeshuhudia kijana anaitwa jina la babu shuleni na la ukoo kwenye cheti cha kuzaliwa, amehangaika nalo mpaka chuo. Na mzazi awe na namba ya mtihani ya mwanae ameiandika mahali, kwa sababu matokeo siku hizi kwenye tovuti yanaonyesha namba, majina hayapo, asije kubaki anasubiri mtoto amwambie. Na ile fomu ya machaguo ya kidato cha tano, selform, mtoto asiijaze peke yake kwa kufuata marafiki, mwenye C ya Hisabati anayependa biashara asijikute PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) kwa sababu rafiki yake kajaza PCB.

Kuhusu michango. Tangu Januari 2016 ada shule za serikali mpaka kidato cha nne haipo, na cha tano na sita waliongezwa mwaka wa fedha 2022/23, mzazi anajua hivyo, kwaiyo ukimwomba mahindi ya kambi ya masomo shuleni bila maelezo anaona anaibiwa. Mweleze kambi ni ya nini, inaanza lini inaisha lini, nani analala na watoto wa kike, jioni wanasoma nini. Akishaelewa hayo debe la mahindi linakuja lenyewe. Na hiki kikao cha michango kitengeni na kikao cha taaluma, msivichanganye kabisa.

Onyo moja. Msibandike alama za watoto wote kwenye grupu. Najua ni rahisi, unapiga picha karatasi unatuma. Lakini mtoto wa mwisho mama yake anasoma pale na majirani wanasoma, na kesho yake mtoto haji shule.

Binti_Nansio
Shikamooni wote. Mi nimemaliza kidato cha nne mwaka juzi, nimetokea Ukerewe nikasoma huku mjini nimepanga chumba na wenzangu wawili, geto. Nataka kuongezea upande wa sisi watoto maana tunajadiliwa ila hatuulizwi.

Mwalimu akimpigia mzazi ni kwa sababu umekosea. Kwaiyo ukisikia tu shule imepiga simu nyumbani unaanza kutetemeka na mzazi anapokea akiwa ameshashika fimbo. Ndo maana watoto wanasaini ripoti wenyewe, sio ujeuri ni woga. Kama meseji ya kwanza ya mwaka ingekuwa nzuri, hata "mwanao kahudhuria vizuri mwezi huu", hiyo ya pili ya kusema Hesabu anafeli ingepokelewa kwa utulivu na mtu angekaa na wewe muongee.

Mimi kilichonisaidia mwalimu wangu wa darasa alimtumia mama ratiba ya NECTA yote, siku kwa siku, na akamwandikia siku ya mwisho kwa herufi kubwa. Mama akaihifadhi kwenye simu. Wakati ule mvua zimeanza na nyumbani wanalima, wenzangu waliitwa kurudi kupanda katikati ya mitihani, mi mama alisema hapana mpaka tarehe ile. Na alikuwa anajua leo nina Biolojia, jioni ananipigia anauliza "kesho ni nini, umekula?" Sidhani kama alijua Biolojia ni nini haswa ila nilijiona siko peke yangu kwenye kile chumba. Mwalimu akiwa na wanaopanga mageto naomba awaangalie zaidi, wazazi wao wanaamini wako bweni.

Mwl_Kando_ya_Ziwa
Aisee nashukuruni sana, wabeja sana. Mzee wangu Taaluma shikamoo, hilo la kutenganisha vikao nalipeleka kwa mkuu kesho. Kikao cha taaluma ntaomba kiwe siku za mbalamwezi, jioni saa kumi, na tutawapanga walimu kwenye meza kila mzazi akae na mwalimu na ripoti ya mwanae. Ripoti tutaiacha Kiingereza kwa sababu ndo fomu yenyewe lakini nyuma tunaandika Kiswahili kwa mkono. Binti asante, hilo la meseji nzuri itangulie sikuwahi kulisikia kwa mwanafunzi, na wa mageto nitawatafuta mmoja mmoja.

Mnisaidie maneno ya meseji. Ikizidi herufi 160 inahesabiwa meseji mbili na bando ni la mfukoni kwetu. Nimejaribu hivi:

"Mzazi wa Neema: ameanza kuwahi shule, hongera. Mock: Hisabati 24 F, Biolojia 51 C, Kiswahili 68 B. Hisabati ya ziada J4 na Alh saa 9, asikose. Mwl wa darasa"

Inaeleweka?

Giza_na_Karabai
Inaeleweka kabisa. Andika "Jumanne" hiyo J4 wazee hawaijui. Na kwa walioko visiwani ongeza siku ya mtihani, bei ya meseji ya pili tutachanga hata sisi wazazi.

Taaluma_Mstaafu
Nzuri. Gawaneni wanafunzi na walimu wenzako msimwachie mtu mmoja darasa zima, mtachoka kabla ya Novemba.

MamaK_Kirumba
Mwalimu inaeleweka ila ina kasoro moja, jina la shule halipo mwanzoni. Siku hizi namba ngeni ikisema habari za mtoto tunajua ni matapeli, hapa Mwaloni kuna mama katumiwa "mwanao kaanguka shuleni tuma hela ya matibabu haraka" na alituma, kumbe mtoto yuko darasani mzima. Kwaiyo siku ya kikao tupeni namba itakayotumika tuisevu wote kwa jina la shule, na mtuambie hapohapo kwamba namba hiyo haitaomba hela hata siku moja, hela tutaleta shuleni tuandikiwe risiti. Hapo meseji yako nikiiona ntaisoma hata kama nimeshika mzani.