Kwa nini picha za zamani za Battersea zina dohani mbili tu?

Swali

Ndugu wanajukwaa, ninazo picha mbili za Battersea, kile kituo cha kufua umeme kwa makaa ya mawe kando ya Mto Thames jijini London. Ya miaka ya 1930 inaonyesha dohani mbili, na ya wakati wa vita inaonyesha tatu, ilhali sote tunakifahamu kwa dohani nne. Je, kilipanuliwa baada ya mahitaji kuongezeka, au ndivyo kilivyokusudiwa?

Jibu la kwanza

Ndivyo kilivyokusudiwa, kwa kuwa Battersea ni vituo viwili vilivyojengwa ubavu kwa ubavu. London Power Company, iliyoundwa mwaka 1925 na kampuni binafsi zilizokuwa zikiuza umeme jijini, ilianza ujenzi mwaka 1929, na kituo A kikaanza kufua umeme mwaka 1933. Dohani zake ndizo hizo mbili. Za kituo B zilifuata moja moja: ya tatu ilisimamishwa mwaka 1941, ya nne ikangoja hadi 1955, wakati umeme ulikuwa tayari mikononi mwa serikali tangu 1948. Mitambo ilikuwa kazi ya mhandisi Leonard Pearce. Msanifu Giles Gilbert Scott aliitwa kushughulikia sura ya nje, ili kuwatuliza waliolalamika.

Jibu la pili

Naomba niongeze kuhusu malalamiko hayo, maana hayakuhusu sura peke yake. Watu walihofia kwamba moshi wenye salfa ungeharibu majengo, bustani na hata michoro ya makumbusho yaliyo ng'ambo ya mto, kwa hiyo kampuni ikalazimika kuiosha gesi kwa maji ya Thames kabla haijatoka. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo jipya kabisa. Hata hivyo, wanaolisifu husahau kwamba maji hayo yalirudishwa mtoni yakiwa yamebeba uchafu uleule, na kwamba gesi iliyopozwa haikupaa vizuri, bali ilielekea kushuka mitaani. Ninachokisifu bila masharti ni maji ya moto ya kituo hicho, ambayo badala ya kumwagwa yalipitishwa chini ya mto kwenda kupasha joto nyumba za Pimlico.

Jibu la tatu

Kituo A kilifungwa mwaka 1975 na B mwaka 1983. Jengo lilinusurika kubomolewa kwa sababu mwaka 1980 lilikuwa limeorodheshwa kuwa la kuhifadhiwa, ingawa lilikaa gofu kwa miaka mingi, wamiliki wakipokezana na mipango ikifa, hadi lilipofunguliwa mwaka 2022 likiwa na maduka, ofisi na makazi. Kwa mwuliza swali, ukitaka kulinganisha picha zako na za leo, zingatia kwamba dohani zilizopo sasa si zile za awali: zote nne zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa zimechakaa, zikajengwa upya kwa umbo lilelile kati ya 2014 na 2017.